Nani Alilipia Malale?

Melarsoprol ilikuwa ikiyeyusha plastiki. Ndiyo maana kule Omugo, katika miaka ya 1990, dawa hiyo ilidungwa kwa bomba la kioo, na mwuguzi aliutafuta mshipa bila haraka, kwa kuwa tone likivuja nje ya mshipa nyama huvimba na kufa. Ndani yake mlikuwa na aseniki. Wagonjwa walisema inapanda mkononi kama moto. Katika kila wagonjwa 20 waliodungwa, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Na bado watu walikuja, wengine wamebebwa na ndugu zao, maana malale yakishafika kwenye ubongo hayarudi nyuma yenyewe: mtu huanza kulala mchana na kukesha usiku, huongea maneno yasiyoshikana, humfukuza mwanawe bila kumtambua, kisha husinzia asiamke.

Nimefika Omugo kwa pikipiki kutoka mjini Arua, vumbi limenijaa hadi kwenye nyusi. Siku hizi Omugo iko wilaya ya Terego. Hadi 2020 ilihesabiwa Arua, kama Koboko nayo ilivyohesabiwa Arua hadi 2005. Nimekuja kuifuata njia moja ya zamani, njia ya pesa. Nataka kujua, tangu mtu wa West Nile, kona hii ya kaskazini-magharibi ya Uganda, aanze kudungwa sindano za hospitali, nani amekuwa akizilipia, na kwa nini alikubali kulipa.

Swali hili lina moto Kampala. Machi 31, 2021 Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa, baada ya mazungumzo yaliyoanza katika miaka ya 1990. Rais hakuutia saini, Bunge lile likamaliza muda wake, mswada ukafa nalo. Kila mjadala unapofufuka, wanaoupinga husema nchi yenye kipato chetu haiwezi kuwa na mfuko mmoja unaomlipia kila mtu, na wanaouunga mkono hutaja Rwanda au Uingereza. Sijasikia hata mmoja akitaja Omugo. Nami naamini Omugo ndiko pa kuanzia, kwa sababu ugonjwa mmoja tayari ulitibiwa huku kwa utaratibu wa mlipaji mmoja, na ugonjwa huo karibu haupo tena.

Mzee mmoja aliyelazwa hapa zamani alikubali tukae chini ya mwembe wake. Alidungwa melarsoprol, akapona, akarudi shambani, kisha baada ya mwaka na ushei usingizi wa mchana ukarudi. Hakuwa peke yake. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Arua miaka ile ulikuta kuwa zaidi ya robo ya waliotibiwa kwa melarsoprol waliugua tena. Mara ya pili alitundikiwa dripu ya eflornithine, kila baada ya saa 6, kwa siku 14.

"Chupa hamsini na sita," aliniambia. "Nesi akija usiku na taa alinikuta macho, nikamtajia namba kabla yeye hajanitajia."

"Na ulilipa kiasi gani, mzee?"

Alinitazama kidogo. "Mwanangu, nyumba hii na mbuzi wake wote haikutosha chupa mbili. Hakuna aliyeniuliza."

Nikaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

West Nile iliingia mikononi mwa Waingereza kwa kuchelewa. Kabla yao ilikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikodishiwa mwaka 1894 kwa muda wa uhai wake. Alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ikarudi chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikatiwa Uganda. Mwaka huo huo mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, alifungua boma Arua. Serikali aliyoitumikia ilikuwa bado na kidonda cha malale: katika ufuko wa Ziwa Victoria, tangu mwanzo wa karne, ugonjwa huo ulikuwa umeua watu wanaokadiriwa kupita 200,000, na wakazi wa pwani ya ziwa wakahamishwa kwa amri. Huku magharibi ya Nile kulikuwa na aina nyingine ya malale, ile ya gambiense, inayomla mtu polepole kwa miezi au miaka. Uganda ndiyo nchi pekee duniani yenye aina zote mbili.

Dawa ilikuja pamoja na ukaguzi. Watu walipangwa mstari, shingo zikapapaswa kutafuta tezi zilizovimba, wagonjwa wakatengwa, na watu wa karibu na mto wenye mbung'o, nzi wanaoeneza malale, wakaambiwa wahame. Hakuna aliyelipishwa sindano. Lakini kila mwanamume mzima alidaiwa kodi ya kichwa, na kwa kuwa shilingi haikupatikana kirahisi kwao, kodi ilimsukuma kwenda kusini kukata miwa Lugazi kwa Nanji Kalidas Mehta au Kakira kwa akina Madhvani. Kabla ya kuondoka alikaguliwa malale tena, maana mwajiri hakutaka kibarua anayesinzia na serikali haikutaka vimelea visafiri naye. Mlipaji wa kwanza wa matibabu ya West Nile alikuwa serikali iliyohitaji kodi na shamba lililohitaji mikono. Alilipia alichokihitaji. Mama aliyekwama katika uchungu wa uzazi hakuwamo kwenye hesabu hiyo, wala mtoto mwenye malaria.

Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu mara nyingi tunasema matibabu ya zamani yalikuwa "bure". Yalilipiwa mapema, kwa kodi, na aliyelipa hakupewa nafasi ya kusema atibiwe nini.

Njia ya pili ya pesa inapita Kuluva. Ukitoka Arua kwa barabara ya Kampala, mwendo wa kilomita 11 hivi, unafika hospitali iliyojengwa na madaktari wawili ndugu, Ted na Peter Williams, wamisionari wa Africa Inland Mission. Ted alifika West Nile mwaka 1941. Alikuwa daktari na fundi kwa pamoja, mtu wa kufungua injini kwa mikono yake, na juu ya yote mtu wa daftari: alimwandika mgonjwa wake, kijiji alichotoka, na siku aliyofika. Hospitali za misheni ziliishi kwa sadaka ya makanisa ya mbali, ada ndogo ya mgonjwa, na ruzuku ya serikali ilipokuwepo. Ndivyo zinavyoishi hadi leo.

Oktoba 1961 Ted Williams alipanda gari kuukuu la Ford pamoja na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, na mwenzao Cliff Nelson. Walizunguka wiki 10, maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali kama imeona watoto wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Safari nzima, gari likiwemo, haikufika pauni 700. Kwayo ikachorwa ramani ya saratani inayoitwa sasa kwa jina la Burkitt. Miaka michache baadaye kumbukumbu za wagonjwa wa West Nile zilizotunzwa kwa juhudi za Ted zilionyesha kwamba watoto hao walijitokeza kwa makundi, mahali pamoja na wakati mmoja. Katika miaka ya 1970 ikachukuliwa damu ya watoto wapatao 42,000 wa huku, ili ithibitishwe kuwa virusi vya Epstein-Barr vina mkono katika saratani hiyo. Dunia nzima ya utabibu ina deni kwa madaftari ya Kuluva. Naitaja safari hii kwa sababu watu wanapojadili kudhibiti gharama za tiba huanza na kupunguza. Ted Williams alianza na kuhesabu, na huwezi kuipunguza gharama ambayo hukuiandika.

Swali la nani alipe lilikuwa likiwaka kwingineko pia. Julai 1962, miezi mitatu kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa, madaktari wa jimbo la Saskatchewan nchini Kanada waligoma siku 23. Serikali ya jimbo ilikuwa imeamua kuwa mlipaji mmoja wa daktari kwa kila mkazi, na madaktari waliona wanafanywa watumishi wa serikali. Mgomo ulikwisha kwa maafikiano, mfuko ukabaki, na baadaye Kanada yote ikafuata. Uganda huru haikuhitaji ugomvi huo. Hospitali za serikali zilikuwa za kodi tangu mwanzo, na serikali ya Milton Obote ikajenga hospitali 22 za wilaya, mgonjwa akiingia bila kuulizwa pesa. Kwa muongo mmoja tulikuwa na kile ambacho Saskatchewan ilikigombania.

Kilichotokea baadaye kinajulikana zaidi Arua kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa na Rais Idi Amin, madaktari wengi wageni na wenyeji wakaondoka nao au baada yao, na dawa zikakauka. Idi Amin alikuwa Mkakwa wa Koboko, na alipoanguka 1979 kisasi kilishukia West Nile. Kuanzia 1980 watu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa na wanajeshi. Mashamba yakageuka msitu. Timu za malale zikakoma. Watu waliporudi, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, walirudi na vimelea damuni, kwenye vichaka ambavyo mbung'o walikuwa wamezaana bila bughudha. Ugonjwa uliokuwa umebanwa ukalipuka upya, na mwaka 1995 Madaktari Wasio na Mipaka wakafika Omugo na mabomba ya kioo.

Wakati huo huo hospitali nyingine zote zilikuwa zinajifunza kumwambia mgonjwa alipe. Wabunge walilikataa pendekezo la ada mwaka 1990, lakini kuanzia 1993 madaraka yalipopelekwa wilayani, wilaya moja baada ya nyingine ilianza kutoza. Kiasi kilikuwa kidogo machoni mwa aliyekipanga. Kwa mkulima wa muhogo na ufuta, anayeshika noti mara mbili kwa mwaka, kilitosha kumfanya asubiri nyumbani aone kama homa itapungua yenyewe. Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, Rais Museveni alizifuta ada katika vituo vya serikali. Watu wakamiminika. Ongezeko lilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza tena kusema wanavijiji hawapendi hospitali. Walikuwa hawapendi kuaibishwa dirishani.

Ila kufuta ada hakukujaza makabati. Mwaka ule ule wa 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Uganda haijawahi kufika hapo. Na mahali ambapo serikali haikufika, mkono wa mgonjwa ulirudi mfukoni. Katika muongo wa 2010 karibu shilingi 40 katika kila 100 zilizotumika kwa afya nchini zilitoka mfukoni mwa mgonjwa na jamaa zake, na wenye bima ya aina yoyote walikuwa wachache mno, kama wawili katika watu 100.

Nina shangazi Koboko. Mwaka alipojifungua mtoto wake wa mwisho nilikuwa naye, katika kituo kimoja cha serikali ambacho sina sababu ya kukitaja. Hakuna aliyetutoza ada. Tuliandikiwa karatasi: glavu jozi nne, pamba, wembe, uzi wa kushonea, dripu mbili, sindano ya kuzuia damu. Nilikimbia na karatasi ile hadi duka la dawa, nikarudi, nikaambiwa kanula imesahaulika, nikakimbia tena. Duka lilifungwa saa 2 usiku na mtoto alizaliwa saa 4. Shangazi alipona. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia neno "bure" katika hotuba, naiona ile karatasi.

Sasa nirudi kwenye chupa 56, kwa sababu hapo ndipo bei ya dawa na mlipaji wake vilipokutana uso kwa uso.

Eflornithine ilibuniwa ikitarajiwa kutibu saratani. Ilipogundulika kuwa inaua vimelea vya malale hata vikiwa ubongoni, tena bila aseniki, madaktari waliiona kama ufufuo, na mwaka 1990 ikapata kibali Marekani. Tatizo lilikuwa mteja. Wenye malale walikuwa watu wa Omugo na wa mito ya Kongo, na kampuni iliona hakuna biashara hapo. Kufikia katikati ya muongo uzalishaji ulisimama. Omugo ilibaki kugawa akiba, ikiwawekea waliougua tena kama yule mzee. Mwaka 2000 dawa hiyo hiyo ikaonekana tena madukani Marekani, safari hii kama krimu ya kupunguza nywele za usoni kwa wanawake. Mteja alikuwa amepatikana.

Aibu ilifanya kazi ambayo soko halikuifanya. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Madaktari Wasio na Mipaka walifikia mapatano na kampuni ya Aventis: ingetoa eflornithine, melarsoprol na pentamidine bila malipo, na WHO ndiyo ingezigawa kwa kila nchi yenye wagonjwa. Tazama umbo la mapatano hayo. Mnunuzi mmoja anazungumza kwa niaba ya wagonjwa wote wa dunia, na bei inakatwa mara moja, mbali na kitanda, na watu wenye nguvu ya kubishana. Mgonjwa anapofika, hesabu imeshafungwa.

Na aliyekuwa amelazwa Omugo hakuwa mpokeaji tu. Mwaka 2001 na 2002, katika kituo hicho hicho, wagonjwa 54 walishiriki jaribio la kuunganisha dawa mbili mbili. Mchanganyiko wa eflornithine na nifurtimox, ambayo ni vidonge, ulionekana kuwa salama kuliko ile iliyochanganywa na melarsoprol. Majaribio makubwa zaidi yakafuata kwingine, na mwaka 2009 mchanganyiko huo ukaingia katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Dripu 56 zikawa 14, na nesi mmoja akaweza kuhudumia wagonjwa wengi zaidi kwa maji machache zaidi na usafiri mdogo zaidi. Gharama ilishuka kwa sababu tiba iliboreshwa, na wa kwanza kuijaribu walikuwa wakulima wa Terego. Ningependa siku moja kituo kile kipate hata kibao cha mbao kinachosema hivyo.

Kutoka Arua hadi Koboko ni lami tupu siku hizi. Barabara ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, imebadilisha kila kitu. Basi linakufikisha Koboko hata chai ya asubuhi haijatulia tumboni. Unaipita Maracha, vilima vikianza kuinuka upande wa Kongo, na maduka yanazidi kuandikwa kwa lugha nyingi. Koboko ni mji wa mpaka kwa maana kamili: juu ya kilima cha Salia Musala Uganda, Kongo na Sudan Kusini hugusana, na Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Ng'ombe, harusi na mbung'o havisimami kwenye kizuizi.

Nilikwenda mtoni kutazama vitambaa. Kuanzia 2011, katika Arua, Maracha na Koboko, kando ya mito kama Kochi na Enyau, vilisimikwa vitambaa vya buluu, sentimita 25 kwa 50, nusu kitambaa nusu wavu, vyote vimelowekwa dawa. Mbung'o hupenda buluu. Anakigonga, anaondoka, anakufa. Wataalamu waliofanya hesabu walikuta mbung'o wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na gharama ilikuwa kama dola 85 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Zidisha eneo lote, bado hukuti bei ya jengo moja la ghorofa Kampala.

Pamoja na vitambaa kikaja kipimo cha haraka cha tone la damu, kikasambazwa tangu 2013 katika vituo zaidi ya 200 vya West Nile, ili asiyejua anaumwa nini apimwe karibu na kwao. Kuanzia mwaka huo wagonjwa wa malale ya gambiense waliopatikana Uganda hawakufika 10 kwa mwaka. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kuwa Uganda imeyaondoa kama tatizo la afya ya umma. Mrithi wa chupa 56 sasa ni fexinidazole, vidonge vya siku 10 ambavyo wagonjwa wengi wanaweza kutibiwa kwavyo.

Anayepinga mlipaji mmoja atanijibu kuwa pesa hizo hazikuwa zetu. Zilitoka kwa wafadhili, kampuni na vyuo vikuu vya Ulaya. Ni kweli, na hoja hii inaniuma zaidi kuliko nyingine zote. Mlipaji wa mbali hachagui tu atalipia nini, huchagua pia lini ataacha. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, nchi hii, ambayo dawa zake nyingi za UKIMWI hununuliwa kwa pesa ya nje, ilijua kwa wiki moja tu jinsi sakafu inavyoweza kuondolewa. Mkoloni alilipia malale kwa sababu ya kibarua. Mfadhili aliyalipia kwa huruma na kwa sayansi. Wote wawili walikuwa na uhuru wa kuondoka. Lakini hoja hiyo inalaumu mwenye mfuko. Mfuko wenyewe, yaani kukusanya pamoja, kununua pamoja na kutomwuliza mgonjwa, ulifanya kazi katika mazingira magumu kupita yote, katikati ya vita na wakimbizi.

Tena nusu ya mfuko huo tunayo. Bohari Kuu ya Dawa ya taifa, iliyoanzishwa 1993, ndiyo inayopewa fedha zote za serikali za kununua dawa tangu mwaka wa fedha wa 2009/10, na vidonge vyake vimepigwa mhuri kuwa ni mali ya serikali, haviuzwi. Mnunuzi ni mmoja. Anachokosa ni pesa za kutosha na ratiba inayolingana na magonjwa ya kila mahali, kwa hiyo kabati la kijijini hujaa mwanzoni mwa mzunguko na kubaki tupu kabla haujaisha, na duka la ng'ambo ya barabara linafanya biashara.

Mswada wa 2021 ulitaka mwajiriwa akatwe asilimia 4 ya mshahara, mwajiri aongeze asilimia 1, na asiye na mshahara alipe shilingi 100,000 kwa mwaka. Waajiri walilalamika, na makampuni ya bima yaliona chakula chao kinaondolewa mezani. Mimi nina lalamiko langu, la upande mwingine. Wengi wa watu wa Terego na Koboko hawana mshahara wa kukatwa, na kadi yenye tarehe ya kuisha ni dirisha la ada lililohamishiwa mwanzo wa mwaka. Kule Kigezi, hospitali ya Kisiizi ilianza bima yake 1996 na ikadumu, kwa kuwa iliegemea vyama vya engozi, vya majirani waliokuwa wakibeba wagonjwa kwenye machela hata kabla ya bima. Ni mfano mzuri, nao una mipaka ya machela: humbeba jirani anayefahamika. Kenya iliingia katika mfuko mpya wa bima ya afya, SHA, Oktoba 2024, na Tanzania ilitunga sheria ya bima kwa wote mwaka 2023. Nchi zote mbili zinahangaika na swali lile lile la asiye na mshahara. Kwa West Nile jibu langu ni kodi, ile ambayo mkulima hulipa kila anaponunua sukari, sabuni na muda wa maongezi, ipelekwe Bohari Kuu kiasi cha kutosha magonjwa yote kama ilivyotosha pesa ya mbali kwa moja. Na atakayekuja kutoka ng'ambo ya mpaka atibiwe bila kuulizwa kadi. Kambi ya Lobule hapa Koboko imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 2013. Ungemkagua kila mtu uraia kabla ya kumpima malale, vitambaa vya buluu vingekuwa mapambo.

Siku ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo kimoja, nikimsubiri shangazi. Mbele yangu kulikuwa na mama kutoka Ingbokolo, upande wa Kongo, amevaa kitenge cha njano, ana homa ya wiki tatu na maumivu ya kichwa. Nesi alimchoma kidole, akatia tone kwenye kipimo cha malaria na tone jingine kwenye kipimo cha malale. Tukangoja robo saa, sote tukivitazama vile vijiti viwili mezani.

"Malale huna, mama," nesi alisema. "Kama ungekuwa nayo tungekutibu bure mpaka upone, hata usafiri tungekutafutia. Malaria unayo. Vidonge vyake vimekwisha tangu wiki iliyopita. Utanunua pale ng'ambo."

Mama alifungua fundo la kitenge chake polepole, akahesabu noti zilizochakaa, akazihesabu tena.

"Wanapokea franga?" aliuliza.

Nesi alitikisa kichwa. Akamwelekeza kwanza kwa wabadilisha pesa, wale wanaokaa chini ya mti karibu na stendi.